Kazi Iko Kwenye Kifungu: Chama cha Wauza Spea Mbele ya Bunge la Jimbo

Ndugu wasikilizaji,

Bunge la California hupokea miswada zaidi ya 2,000 kwa mwaka. Ndani ya lundo hilo imo ya betri, ya oili chafu, ya matairi na ya breki, na mwenye duka la spea hawezi kuisoma, yuko kaunta anahudumia wateja. Ndiyo maana kuna chama.

Kazi huanza Februari, miswada mipya inapofika mwisho wa kupokelewa. Kwa kawaida mswada haujadiliwi na kamati kabla ya siku 30 kupita tangu uchapishwe. Siku hizo ndizo za kufanyia kazi. Kila mswada unaotugusa hupewa msimamo: kuunga mkono, kupinga, kufuatilia tu, au kupinga hadi urekebishwe. Huu wa mwisho ndio wenye faida kubwa, kwa sababu unakulazimisha useme unataka nini hasa.

Na ukisema, sema kwa maneno ya sheria. Barua inayoomba mswada “ulegezwe” haimsaidii mtu. Andika: ukurasa huu, mstari huu, futa maneno haya, weka haya. Anayehitaji barua hiyo kuliko wote ni mtaalamu wa kamati anayeandika uchambuzi wa mswada, kwa maana wabunge wengi wanaingia kikaoni wakiwa wamesoma uchambuzi huo na si mswada wenyewe. Barua hupitia mfumo wa bunge wa mtandaoni, kwa kawaida wiki moja kabla ya kikao. Ikichelewa, chama chako hakitatajwa kwenye uchambuzi, na mbunge ataona kana kwamba hakuna aliyepinga.

Kikaoni, kila upande kwa kawaida hupewa mashahidi wakuu wawili, dakika mbili hivi kila mmoja. Wengine wote husogea kwenye kipaza sauti, hutaja jina, taasisi na msimamo, basi. Kuwasafirisha wenye maduka 30 hadi Sacramento, makao ya bunge, wakitarajia kuhutubia ni kupoteza nauli. Heri wakutane na mbunge wao kwenye eneo lake la uchaguzi siku ya Ijumaa, akiwa amerudi kutoka vikaoni, na waje na hesabu: wana aina ngapi za spea stoo, ile isiyotoka haraka hukaa rafuni miezi mingapi, na ni fedha kiasi gani zitapotea ikiwa itapigwa marufuku tarehe 1 Januari.

Mipaka ya sheria iheshimiwe. Anayelipwa kushawishi wabunge husajiliwa kwa Katibu wa Jimbo, na zawadi zake kwa mbunge mmoja hazizidi dola 10 kwa mwezi. Sehemu ya ada ya uanachama inayotumika kushawishi haikatwi kwenye kodi, na chama kinapaswa kuwaambia wanachama hivyo. Tena, washindani wanapokaa meza moja, bei haizungumzwi. Mazungumzo yakielekea huko, mwenyekiti asimamishe kikao papo hapo.

Sasa tazameni pedi za breki. Vumbi lake lilikuwa na shaba, mvua ililisomba hadi mitoni na Ghuba ya San Francisco, nayo shaba hudhuru samaki. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na kuipinga kungekuwa aibu. Kilichobaki kujadiliwa kilikuwa muda. Mchanganyiko mpya wa pedi lazima upimwe upya: unasimamisha gari kwa umbali gani, unapiga kelele, unalika haraka kiasi gani. Sheria ya 2010, SB 346, ikaweka kikomo cha shaba cha asilimia 5 kuanzia 2021 na asilimia 0.5 kuanzia 2025, na ikaacha nafasi ya kumaliza mali iliyokwisha kuingia dukani. Jimbo la Washington lilipitisha sheria inayofanana nayo mwaka huohuo, kwa hiyo kiwanda hakikuhitaji kutengeneza pedi mbili tofauti. Leo ukitazama ubavu wa pedi utaona herufi: B ni chini ya asilimia 5, N ni chini ya 0.5. Muuzaji wa kaunta anaisoma bila kumuuliza mtu.

Jimbo la Massachusetts linaonyesha upande wa pili. Mwaka 2012 bunge lake lilipitisha Julai 31 sheria ya haki ya kukarabati gari, yaani fundi wa nje apate taarifa za ukarabati kutoka kwa kampuni iliyounda gari, wakati swali hilohilo lilikuwa limeshaingia kwenye karatasi za kura, na Novemba wapiga kura wakalipitisha kwa wingi mkubwa. Zikawa sheria mbili, zikaunganishwa mwaka uliofuata, na Januari 2014 watengeneza magari wakatia sahihi makubaliano ya nchi nzima. Lakini data ambayo gari hurusha hewani bila waya iliachwa nje, isipokuwa mahali pachache. Kadiri magari yalivyozidi kutuma taarifa moja kwa moja kwa kampuni, pengo likapanuka. Ilibidi kurudi kwa wapiga kura Novemba 2020, wakakubali kwa karibu asilimia 75, na watengeneza magari wakafungua kesi mwezi huohuo. Ilitupwa na mahakama ya shirikisho Februari 2025.

Kwa hiyo wakili anapokuletea rasimu, anza na sehemu ya tafsiri za maneno. Soma “taarifa za utambuzi wa hitilafu” inajumuisha nini, halafu muulize fundi mmoja wa umeme wa magari ni kitu gani hakimo.