Wastani, mediani na mkengeuko sanifu kwa R

Fungua R, programu ya takwimu, au RStudio, dirisha la kuitumia R. Hatupakui faili lolote leo, kwa sababu R huja na data zake za mazoezi. Tutatumia airquality, vipimo vya hewa vya New York vya Mei hadi Septemba 1973.

Andika str(airquality), bonyeza Enter. Mistari 153, safu 6. Angalia majina ya safu vizuri: ukiandika airquality$ozone kwa o ndogo, R haikugombezi, inakupa NULL tu, yaani hakuna kitu.

Sasa wastani wa Ozone, gesi ya ozoni hewani: mean(airquality$Ozone). Jibu ni NA, yaani thamani haipo. Hujakosea, siku 37 hazina kipimo, na R haikubali kukisia. Ongeza na.rm = TRUE (ondoa NA) ndani ya mabano, baada ya koma. TRUE iwe kwa herufi kubwa zote. Unapata 42.13.

Usiishie hapo. Badilisha mean iwe median, thamani ya katikati data zikipangwa, uone 31.5. Mbona zimeachana hivyo? Chora hist(airquality$Ozone). Nguzo ndefu zimejazana kushoto, na mkia unaelekea kulia hadi 168. Siku chache chafu zimeuvuta wastani juu, mediani haikutikisika. Kwa data za namna hii, mimi ningetanguliza mediani.

Mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni sd, nayo inataka na.rm = TRUE vilevile. Jibu ni 32.99. Ukipiga hesabu kwa mkono ukapata pungufu kidogo, huenda umegawa kwa n, idadi ya vipimo. R hugawa kwa n kutoa 1.

Modi, thamani inayojirudia zaidi, ndiyo yenye mtego. Amri ya mode() ipo, lakini inakutajia aina ya data, "numeric", basi. Tumia table(airquality$Temp), utafute thamani iliyojirudia zaidi.

summary(airquality) inatoa wastani na mediani za safu zote kwa mkupuo, hata wastani wa Month, 6.993, ambao hauna maana yoyote: mwezi hapa ni lebo.

Mwisho, tulinganishe miezi:

tapply(airquality$Ozone, airquality$Month, mean, na.rm = TRUE)

Juni, yaani 6, inaonyesha 29.44. Kabla hujaiamini, hesabu vipimo vilivyopo:

tapply(!is.na(airquality$Ozone), airquality$Month, sum)

Mei 26, Juni 9 tu! Ukiandika 29.44 kwenye ripoti, iweke hiyo 9 pembeni yake.