Kanuni ya Wote, Mtu Mmoja

Zuhura: Karibuni kwenye kipindi. Leo kaka Baraka amefika na hoja mkononi, na tumeanza kubishana kabla hata ya kuwasha vinasa sauti.

Baraka: Inaniuma, dada. Saikolojia inasema inamchunguza binadamu. Sasa soma tafiti zake nyingi uone kama utamkuta huyo binadamu. Utakuta watu mia kadhaa wamejaza dodoso, majibu yao yamechanganywa, wastani umetolewa, kisha mtafiti anaandika kwamba msongo wa mawazo hupunguza usingizi. Usingizi wa nani?

Zuhura: Wa watu kwa jumla, na hiyo ndiyo kazi ya sayansi. Ukinisimulia habari za mtu mmoja utakuwa umenipa wasifu wake. Mimi nataka kanuni.

Baraka: Ubishi huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1894, Wilhelm Windelband, mwanafalsafa wa Ujerumani, alitoa hotuba Strasbourg akitenganisha elimu zinazotafuta sheria za jumla na elimu zinazoeleza jambo moja lililotokea mara moja, kama historia. Saikolojia akaiweka kwenye zile zinazotafuta sheria. Mwaka 1937 Gordon Allport, mwanasaikolojia Mmarekani, akasema hapana, anayechunguza haiba anahitaji njia zote mbili. Baadaye alichambua barua zipatazo 300 za mama mmoja, akijaribu kumwelewa yeye kama yeye.

Zuhura: Na wenzake wakamuuliza: haya, tujifunze nini kuhusu wengine?

Baraka: Swali halali kabisa. Lakini hebu tugeuze: kundi linatufundisha nini kuhusu mmoja? Chukua uchapaji. Pima watu wengi kwa mpigo, utaona wanaochapa haraka hukosea kidogo, maana ni wazoefu. Sasa mchukue mchapaji mmoja umwambie aongeze kasi. Makosa yanaongezeka! Watu ni walewale, kazi ni ileile, na majibu yamepishana. Aliyetazama kundi tu atamshauri mwanafunzi wake achape haraka ili asikosee.

Zuhura: Huo mfano nakubali, ila nahofia umeuchagua kwa sababu unakufaa. Si kila jambo linageuka hivyo.

Baraka: Si kila jambo, kweli. Ila hujui lipi linageuka mpaka umfuatilie mtu mmoja kwa muda. Mwaka 2004 Peter Molenaar, mwanasaikolojia, alilieleza hili kwa hesabu: kinachopatikana kwa kulinganisha watu kinamhusu mtu mmoja kwa masharti magumu mno. Inabidi watu wote wafuate mwenendo uleule, tena mwenendo huo usibadilike kadiri muda unavyokwenda. Binadamu anayekua, anayejifunza, anayeugua na kupona, atayatimiza wapi?

Zuhura: Kuna mtu aliyepima?

Baraka: Mwaka 2018 Aaron Fisher na wenzake walilinganisha takwimu za makundi na za mtu mmoja mmoja katika sampuli 6. Wastani ulikaribiana. Mtawanyiko, yaani jinsi vipimo vinavyotofautiana na wastani, ndiyo ulioachana: ndani ya mtu ulikuwa mkubwa mara 2 hadi 4 kuliko ule wa kundi.

Zuhura: Basi nikukumbushe mtu ambaye nadhani anatuhusu sote wawili. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, 1885. Alijipima mwenyewe kumbukumbu, kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuona amesahau kiasi gani baada ya muda fulani. Mtu mmoja, na mchoro wake wa usahaulifu unafundishwa mpaka leo kama kanuni ya jumla. Mwaka 2015 Jaap Murre na Joeri Dros waliurudia kwa mtu mmoja tena, wakapata mchoro unaofanana na ule.

Baraka: Dada, hapo umenisaidia mimi! Sijasema tuache kanuni. Nasema tuzifikie kwa kupitia mtu: mmoja aeleweke, afuate wa pili, wa tatu, halafu tuone wanachoshiriki. Tukianza kwa kuwachanganya tunaweza kuzua umbo lisilo la mtu yeyote. Wanafunzi kumi wanaweza kuelewa jambo kwa ghafla, kila mmoja kwa siku yake. Wastani utachora mlima unaopanda polepole, wakati hakuna hata mmoja aliyepanda polepole.

Zuhura: Sawa, twende kwenye tiba, maana huko ndiko watu wanakoumia. Mtu ana sonona, anakwenda kwa mtaalamu, baada ya miezi mitatu ana nafuu. Nani amempa nafuu? Sonona nyingine hupungua zenyewe. Na mtu hutafuta msaada siku zikiwa mbaya kupindukia, kwa hiyo hata asipotibiwa huenda siku zijazo zikawa afadhali. Bila kundi la kulinganisha, mtaalamu atajipa sifa isiyo yake. Hili siliachii, kaka.

Baraka: Usiliachie. Kuna njia ya kumpa mtu tiba, kuisimamisha, kuirudisha, huku unampima kila siku.

Zuhura: Kwa dawa inayotoka mwilini haraka, naam. Kwa tiba ya mazungumzo? Mtu akishajifunza namna ya kukabili hofu yake, utamfanyaje asahau ili umpime upya?

Baraka: Hapo haiwezekani. Basi kundi lijibu kama tiba inafaa kuwepo. Lakini mgonjwa akishaketi mbele yako, swali ni lingine: kwake yeye, ni usingizi mbaya unaotangulia huzuni, au huzuni ndiyo inayomnyima usingizi? Hilo, kundi haliwezi kukujibu. Siku hizi simu inaweza kumuuliza mara kadhaa kwa siku, wiki baada ya wiki, na mpangilio wake ukaonekana.

Zuhura: Kumuuliza mtu huzuni yake mara tano kwa siku nako kunaweza kumbadilisha, au akachoka akajaza ilimradi amejaza. Halafu kuna yale yasiyorudiwa. Mtu amefiwa na mzazi. Utampima mara ngapi kabla na baada?

Baraka: Kwa hilo sina kipimo. Ningesoma alichoandika, nimsikilize, nimwandike vizuri, hata kama sheria haitatoka humo.

Zuhura: Na mimi bado ningetaka kujua waliofiwa wengine ilikuwaje. Tutaendelea kipindi kijacho. Tutaanzia hapo kwenye msiba.