Vita Tulivyovitafuta Kileleni

Asanteni, wazee wangu na ndugu zangu. Mwenyekiti amenionya kwamba nikirefusha atanizimia kipaza sauti, basi nianze na mbuzi.

Mbuzi wa kwetu tukiwachunga karibu na Salaita, kile kilima kidogo cha Taveta ambacho mgeni akipita na barabara ya Voi hata hageuzi shingo. Tulishasikia kwamba wazungu walipigana pale katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mbuzi wakitulia tu, sisi mbio hadi juu. Huko tulichokoachokoa kwa vijiti, tukalala vifudifudi, huyu Mjerumani, yule Mwingereza. Mpagazi hakuna aliyekubali kuwa. Jioni tunashuka na kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, tena siku ya bahati.

Ganda la risasi nililipata chini, na aliyelifukua ni beberu kwa kwato zake. Nililifuta kwenye kaptura, nikalitia mdomoni nikapuliza, likalia kama filimbi. Ule uchungu wa shaba uko ulimini mwangu hadi leo.

Ukubwani nikaja kusoma habari za vile vita, nikacheka peke yangu. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilikitwanga kilele cha Salaita, wakiamini mahandaki ya Wajerumani yako juu. Kumbe yako chini, kwenye kitako cha kilima, yamefichwa vichakani. Askari wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa nchi hii, wakapelekwa moja kwa moja mbele ya bunduki ambazo hata vumbi halikuziingia. Wakarudi wametawanyika, na waliowakinga ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao hao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau. Mwezi wa Machi Jenerali Smuts, kamanda mpya wa Waingereza, akaja na jeshi kubwa, akakuta kilima kitupu.

Yaani wapiga mizinga wa Mfalme walikosea pale pale walipokosea watoto wa kuchunga mbuzi!

Najua mtaniuliza habari za ule mbuyu wa Salaita na yule mwanamke wa Kijerumani anayesemekana kujificha ndani yake na bunduki. Watalii wanaipenda sana hadithi hiyo. Mimi naipita.

Kinachonikera ni kwamba bado tunatazama kileleni. Makaburi ya wanajeshi yapo Taveta, yamefyekwa, majina yamechongwa. Wapagazi waliobeba maji, chakula na risasi walikufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara na malaria, na jina lao, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, limebaki kwenye mitaa tu: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi.

Lile ganda nililipeleka nyumbani kumwonyesha bibi. Vita vilipoanza yeye alikuwa msichana, na kaka yake alichukuliwa kubeba mizigo. Akaligeuza, akalinusa, akaniuliza ni la nani.

“La askari, bibi.”

Akanirudishia. “Kaka yangu hakupewa bunduki,” akasema, akaendelea kuchambua mboga.