Bakteria Aliyejificha Ndani ya Seli

Mwenyekiti, asante. Walionisikia siku za nyuma wanajua naanzia wapi: jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Nivumilieni tena.

Maabara tunafanya hivi. Unachukua seli za binadamu kwenye sahani, unazimwagia bakteria wa Salmonela, unasubiri waingie ndani. Kisha unatia jentamaisini. Walio nje wanakufa. Unasuuza, unazipasua seli kwa sabuni, kile kimiminika unakipaka kwenye agari, ule utomvu mzito wa kuoteshea bakteria. Kesho yake agari imejaa madoa ya bakteria walioota. Wazima kabisa! Dawa ni ileile, bakteria ni walewale, na usugu wa kurithi hawana hata chembe. Kilichowaokoa ni utando wa seli, maana jentamaisini huupenya kwa shida. Sisi watafiti udhaifu huo tumeugeuza chombo cha kuhesabia waliojificha. Tunaandika matokeo, tunakwenda zetu nyumbani. Mgonjwa je? Yeye nani atampasulia seli? Hapo bado hujaweka usugu wenyewe, ule wa jeni.

Sasa njia nyingine ya kuwaua: chembe nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita, sehemu ya milioni ya milimita. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walitumia nukta za kwanta, chembe nano zinazoamshwa na mwanga, zilizotengenezwa kwa elementi za kadimiamu na teluriamu. Nukta moja ina nanomita chache tu. Bakteria ana elfu moja na ushei. Gizani imelala. Imulike: elektroni inaruka, inadandia oksijeni, inazaliwa supaoksaidi, oksijeni iliyogeuka kali, nayo inabomoa vishada vya chuma na salfa ndani ya vimeng'enya vya bakteria. Watafiti hao waliwaua bakteria sugu hata walipolelewa pamoja na seli za mamalia.

Naona mkono unataka kunyooshwa: si utaua na seli ya mgonjwa? Ukizidisha, ndiyo. Ndiyo maana ukubwa wa nukta unachaguliwa kwa makini: uguse kidogo tu, viwango vya nishati vinahama, na kinachozaliwa ni kitu kingine.

Mwingine atauliza mwanga utafikaje mapafuni. Haufiki! Mwanga wa kijani huishia milimita chache chini ya ngozi. Ule unaokaribia infraredi, uliopita wekundu tunaouona kwa macho, huenda mbele zaidi. Tuanze na vidonda, jamani. Bakteria wa kifua kikuu wanakaa ndani ya seli, kweli, lakini msinilazimishe kuahidi.

Kadimiamu ni sumu, najua. Wengine wanajaribu nukta za indiamu na fosforasi badala yake. Nilikuwa na slaidi sita za hilo, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Anayetaka kujua taa hiyo inauzwa wapi, akae.