Jinsi ya kuchora ramani ya utegemezi wa programu kwenye mtandao mkubwa bila kuuliza mtu

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunajenga mfumo unaochora wenyewe ramani ya utegemezi, yaani programu gani inaiita ipi na kupitia porti ipi (porti ni namba ya mlango wa huduma kwenye seva). Mfano wetu ni SACCOS ya kubuni yenye makao makuu Mbeya mjini na matawi Tukuyu, Vwawa, Tunduma, Makambako, Mafinga na Iringa. Ina seva kama mia mbili. Nyingi ziko makao makuu, nyingine zimekaa moja moja matawini. Swali tunalotaka ramani itujibu ni hili: tukizima seva hii usiku wa leo, kesho asubuhi nani atakwama?

Kabla ya yote, pata kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye mtandao. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kusikiliza mawasiliano ya mifumo ambayo hukuruhusiwa kuigusa si jambo dogo.

Hatua ya kwanza, hakikisha saa za seva zote zinakubaliana kupitia NTP, huduma ya kusawazisha saa mtandaoni. Seva ya Tunduma ikichelewa dakika tano, huwezi kulinganisha ilichoona na kilichoonwa na seva ya Mbeya.

Hatua ya pili ni kukusanya, na hapa tutakaa kidogo. Kwenye seva ya Linux, fungua teminali uandike amri ya ss, inayoorodhesha miunganisho ya mtandao:

sudo ss -Htanp

H inaondoa kichwa cha jedwali, t ni TCP, a inaleta hali zote, n inazuia kutafuta majina ili amri iende haraka, p inaonyesha mchakato. Bila sudo, yaani mamlaka ya msimamizi, utaona michakato yako mwenyewe tu, na nusu ya ramani itakosa majina. Matoleo ya zamani ya ss hayana H. Huko ondoa herufi hiyo, kisha upitishe matokeo kwenye tail -n +2.

Angalia safu ya kwanza. LISTEN ni porti inayosubiri kuitwa. ESTAB ni muunganisho ulio hai. TIME-WAIT ni ule uliokwisha kufungwa, na usiupuuze: Linux inaushikilia kwa sekunde 60, kwa hiyo wito uliodumu nusu sekunde bado unaacha alama. Hata hivyo alama hiyo inabaki upande uliotangulia kufunga tu, tena haionyeshi mchakato. Ndiyo maana tunakusanya pande zote mbili, kila sekunde 20. Cron, kipanga ratiba cha Linux, haitatufaa kwa sababu haishuki chini ya dakika moja. Tumia huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye mzunguko na sleep 20. SYN-SENT, yaani ombi la kuunganishwa lisilojibiwa bado, nayo ikijirudia kila mara, ujue kuna programu inayoita seva isiyojibu, pengine iliyoondolewa zamani. Iwekee rangi yake.

Kwa Windows, Get-NetTCPConnection kwenye PowerShell inatoa mambo yaleyale, na safu ya OwningProcess inakupa namba ya mchakato.

Kuna mtego kwenye makontena, yaani programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa ndani ya seva. Ukiendesha ss kwenye seva mwenyeji, miunganisho ya ndani ya kontena lenye mtandao wake haionekani. Chukua PID (namba) ya mchakato wa kontena, kisha:

sudo nsenter -t PID -n ss -Htanp

Hatua ya tatu, bana data hapohapo kwenye seva kabla ya kuituma. Tupa porti ya muda ya mwitaji. Kwenye Linux kwa kawaida ni kati ya 32768 na 60999, na haina maana yoyote kwenye ramani. Bakiza anwani ya mwitaji, anwani ya mwitwa, porti ya huduma, jina la mchakato, mara ya kwanza kuonekana, mara ya mwisho na idadi. Faili kubwa la siku nzima linageuka mistari mia chache, hata laini nyembamba ya tawini inaibeba. Laini ikikatika wakati wa mvua, faili lisubiri kwenye diski na rsync, programu ya kunakili mafaili, imalizie baadaye. Ukituma moja kwa moja bila kuhifadhi, ramani itapata matundu bila wewe kujua.

Hatua ya nne ni mwelekeo wa mshale. Watu wengi wanakosea hapa kwa kudhani porti yenye namba ndogo ndiyo huduma. Programu nyingi za Java zinasikiliza 8080, na nyingine zinawekwa juu ya 40000. Kanuni sahihi ni kutazama orodha ya LISTEN ya seva yenyewe: porti ya upande wako ikiwa kwenye orodha hiyo, wewe ndiye unayeitwa, isipokuwepo, wewe ndiye mwitaji. Mshale utoke kwa mwitaji kwenda kwa mwitwa, kwa sababu mwitwa akizimwa, anayeumia ni mwitaji. Na kabla ya kulinganisha anwani, futa kiambishi ::ffff: kinachotokea huduma ikisikiliza kwa IPv6, la sivyo seva moja itachorwa mara mbili.

Hatua ya tano ni vifaa visivyokubali skripti: mashine za ATM, printa, mifumo ya kampuni za nje. Washa NetFlow au IPFIX, yaani taarifa za nani amezungumza na nani, kwenye ruta na uelekeze kwenye seva ya kuzikusanya. Muda wa kutoa taarifa za mtiririko ulio hai kwenye ruta nyingi za Cisco ni dakika 30. Ushushe uwe dakika 1. Usitumie sampuli ya pakiti moja kwa elfu. Inatosha kupima uzito wa laini, ila wito mdogo wa mara moja kwa siku utapita bila kuonekana. UDP, mawasiliano yasiyofungua muunganisho kama TCP, pia itafute huku, maana ss kwa kawaida haionyeshi nani aliuliza DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani.

Chukua taarifa hizo kabla ya NAT, pale ruta inapoficha anwani nyingi nyuma ya moja. Ukizichukua baada yake, tawi zima la Makambako litaonekana kama kompyuta moja yenye shughuli za ajabu. Kigawa mzigo, kifaa kinachogawa maombi kwa seva kadhaa, nacho kinaficha mwitaji halisi. Soma kumbukumbu zake ili uunganishe pande mbili.

Sasa, muda. Wiki moja haitoshi. Kusanya walau siku 35, ili mwisho wa mwezi uingie ndani: makato ya mikopo, mishahara, malipo ya wakulima wa chai wa Rungwe. Kazi za kufunga mwaka hazitaonekana hata hapo, hivyo ziongeze kwa mkono na uziwekee alama kwamba hazijathibitishwa.

Hatua ya sita, kuchora. Skripti iandike faili la Graphviz, programu ya kuchora michoro ya mishale, kila mshale mstari mmoja:

"malipo" -> "kanzidata_mikopo" [label="5432"];

Kisha:

dot -Tsvg ramani.dot -o ramani.svg

Vituo, yaani programu na seva zinazochorwa, vikizidi mia kadhaa, dot inakuwa nzito. Tumia sfdp, amri nyingine ya Graphviz, au bora zaidi chora ramani ya huduma moja moja. DNS, NTP, seva ya chelezo na ya ufuatiliaji huzungumza na kila mtu, kwa hiyo zihamishie tabaka la pembeni linalofunguliwa kwa hiari. Usizifute: DNS ikizimwa, karibu kila kitu kinasimama.

Ramani yenyewe ilindwe kama nywila, kwa kuwa inamwonyesha mvamizi njia ya kufika kwenye kanzidata. Usihifadhi amri nzima za michakato pia. Mara nyingi zimebeba nywila ndani.

Mwisho, linganisha ramani ya leo na ya jana kila usiku. Mshale mpya ukionekana, ujumbe utumwe kwa fundi aliye zamu. Mshale usioonekana kwa siku 35 ufifishwe rangi, na ufutwe tu baada ya kupita tarehe 30 Juni na 31 Desemba, hesabu za mwaka zinapofungwa.