PhD ya Teolojia: Anzia kwenye Swali, Ufadhili Baadaye

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Mugonile wa Rungwe na Tukuyu, kamwene wa Iringa.

Wengi mnaniandikia mkiuliza ufadhili wa PhD ya teolojia huku Ujerumani unapatikanaje. Nitafika huko. Lakini profesa hakuulizi kwanza pesa, anakuuliza: unatafuta nini? Huku PhD kwa kawaida haina madarasa mengi. Ni wewe, msimamizi, maktaba na swali lako, kwa miaka kadhaa. Swali la kuazima litakuchosha mapema.

Ukimwandikia "Kanisa na utamaduni wa Kiafrika", hiyo ni bahari. Anzia nyumbani. Wamoraviani, Kanisa la Kiprotestanti lenye makao ya zamani huku Ujerumani, walifika Rungwe mwaka 1891 wakiongozwa na Theodor Meyer, na mwaka huohuo misheni ya Berlin nayo ikaingia Unyakyusa. Walikuta misiba yenye ngoma, watu wakicheza kwa nguvu mbele ya kifo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, ameieleza kwa kirefu. Wakristo wakaiacha ile ngoma, wakaimba nyimbo za Kanisa. Sasa mimi nauliza: walipoiacha, uchungu wao waliupeleka wapi? Bibi aliyemzika mwanawe mwaka 1920 aliuelewaje ufufuo? Hiyo ni teolojia kamili, tena hakuna wa kuiuliza vizuri kuliko mtoto wa pale.

Na tazameni, alfajiri ya Pasaka Wamoraviani tunakwenda makaburini kuimba. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, mji mdogo wa jimbo la Saxony huku Ujerumani, mwaka 1732. Nimeyatembelea makaburi yao: mawe yamelazwa chini, yanafanana, ya tajiri na ya fukara. Kule ndiko zilikohifadhiwa shajara na barua za wamisionari wetu. Zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila kujifunza. Kinachoniuma ni kwamba humo bibi yule ni nadra kusema mwenyewe, mmisionari anamsemea. Maneno yake yako kwa wajukuu zake, Masoko, Kyela, Mbozi, na wajukuu hao nao wanazeeka.

Kwa hiyo wewe uliye Mbeya unayesubiri barua ya ufadhili, usikae. Nenda kwa wazee wa ushirika wako. Omba ruhusa kwanza, waeleze kazi yenyewe, kisha washa simu urekodi. Uliza nyimbo gani ziliimbwa msibani, nani alihubiri, nani alikatazwa kulia kwa sauti. Andika jina la kijiji na tarehe ya mazungumzo papo hapo. Muulize pia mchungaji kama vitabu vya ubatizo vya zamani bado vipo.

Haya, ufadhili. Vyuo vingi vya serikali huku havitozi ada ya masomo ya udaktari. Kinachobana ni pesa ya kuishi. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, hutoa ufadhili, na makanisa yenye ushirika na Kanisa lako nayo wakati mwingine husaidia, hivyo zungumza na ofisi ya jimbo mapema. Kwa shahada ya Dr. theol. (udaktari wa teolojia) vyuo vingi hudai Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Anza Kigiriki sasa hivi, usingoje ufike. Na barua ya kwanza kwa profesa isizidi kurasa mbili: swali, mahali, vyanzo, na kwa nini wewe.