Viini vya Seli Visiposhika Rangi

Wenzangu wa maabara, slaidi ikitoka na viini vilivyopauka, wengi hukimbilia kuongeza dakika kwenye hematoksilini, rangi inayopaka viini. Nawaomba tusianzie hapo. Chukueni tishu inayojulikana kushika rangi vizuri, tonsili kwa mfano, muipitishe sambamba na ile yenye tatizo. Tonsili ikitoka safi, rangi hazina kosa. Kosa liko kwenye tishu. Mfupa uliokaa mno kwenye asidi kali ya kuondolea kalsiamu hauokolewi na hematoksilini yoyote, kwa sababu asidi imeshaivunja DNA. Kipande kinene nacho huharibika katikati kabla formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, haijafika: kisizidi unene wa milimita 4, na formalini iwe walau mara 10 ya ujazo wake.

Tishu zote mbili zikipauka, kagueni mitungi ya kupitishia slaidi. Mabaka yasiyo na rangi ni mabaki ya nta iliyoshikilia tishu, basi wekeni zailini (kiyeyusha nta) mpya, mitungi miwili, dakika 5 kila mmoja. Slaidi nzima ikipauka, shukuni asidi-alkoholi, inayoondoa hematoksilini iliyozidi. Kwa hematoksilini ya aina ya Harris tunatumia asidi ya hidrokloriki asilimia 1 ndani ya ethanoli ya asilimia 70, kwa sekunde chache tu, halafu maji papo hapo. Aina ya Mayer kwa kawaida haihitaji hatua hiyo. Anayebadilisha chupa ya Harris kwa ya Mayer bila kubadilisha utaratibu anavifuta viini kwa mkono wake.

Viini vikiwa vyekundu-zambarau, havijageuka bluu. Hematoksilini ya alumu (chumvi ya alumini), kama hizo mbili, hubaki nyekundu kwenye asidi na huwa bluu kwenye alkali, kwa hiyo maji ya bomba yenye asidi hayatoshi. Tengenezeni maji ya Scott: sodiamu baikaboneti gramu 3.5 na magnesiamu salfeti gramu 20 kwa lita 1 ya maji.

Lakini suuzeni sana baada yake! Alkali ikiingia kwenye eosini, rangi ya waridi inayofuata, pH (kipimo cha asidi na alkali) hupanda kupita 5 na saitoplazimu, sehemu ya seli inayozunguka kiini, hufifia. Watu huilaumu eosini bure. Pimeni pH, mrudishe kati ya 4.6 na 5 kwa matone ya asidi asetiki. Msishuke chini ya 4, eosini itafanya mashapo. Eosini nzuri hutoa waridi za viwango vitatu: chembe nyekundu za damu, misuli na kolajeni (nyuzi za tishu unganishi). Zikifanana zote, angalieni muda wa kwenye alkoholi zinazofuata, kwani ndizo zinazopunguza eosini iliyozidi.